Uzoefu wangu wa kutembelea Kaunti ya Winneshiek, Iowa: mbegu za asili, saa za mbao na ngome ya Fort Atkinson

Kaunti ya Winneshiek iko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Iowa, kwenye mpaka wa Minnesota, na kwa yeyote anayeishi maeneo haya ya katikati ya Marekani na kupenda historia au kilimo, naipendekeza bila kusita. Wakazi wake ni takriban 20,000 tu, makao makuu yake ni mji mdogo wa Decorah, na huko hakuna majumba marefu wala viwanja vikubwa vya burudani. Mimi na familia yangu tunaishi Cedar Rapids, mwendo wa takriban saa mbili kwa gari upande wa kusini, mahali ambapo Kiswahili husikika madukani na makanisani kwa sababu ya familia nyingi zilizotoka Kongo, na naona kwamba likizo ikifika wengi wetu tunakimbilia Chicago au Minneapolis. Winneshiek nimeifikia katika majira tofauti, mara nyingine na wanangu, mara nyingine na jirani yetu wa kutoka Bukavu ambaye watoto humwita mjomba. Jambo lililonifanya nirudi ni kwamba karibu kila kinachotazamwa huko kipo hadi leo kwa sababu kuna mtu aliyekataa kukitupa, kukiuza au kukiacha kipotee.

Nianze na nchi yenyewe, kwa kuwa hiyo haina kiingilio. Msafiri anayetoka kusini hupita kwanza mashamba ya mahindi na soya yaliyotandaa hadi macho yanapoishia, kisha barabara huanza kuteremka na kupinda, na vilima vyenye misitu na majabali ya chokaa hujitokeza pande zote mbili. Barafu kuu za vipindi vya mwisho vya zama za barafu, ambazo zilisawazisha sehemu kubwa ya nchi hii, hazikulifikia eneo hili linalogusa Iowa, Minnesota, Wisconsin na kipande cha Illinois, na ndiyo maana mabonde yake yamebaki na kina. Mawe ya chokaa yaliyo chini yana nyufa na mashimo, kwa hiyo maji ya mvua huzama, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka mbali yakiwa ya baridi kali. Pale Dunning's Spring, karibu kabisa na katikati ya mji wa Decorah, maji hutoka kwenye mwamba na kuporomoka ngazi kwa ngazi kutoka kimo cha takriban mita 60, na mtu huweza kusimama chini yake mwezi wa Julai akahisi ubaridi wa maji usoni kabla hajayagusa.

Jirani na hapo kuna Pango la Barafu, ambalo nililipenda zaidi kwa namna linavyofanya kazi kuliko kwa sura yake. Wakati wa baridi kali hewa ya nje hupoza mwamba wa ndani kwa miezi. Masika yanapoanza, maji ya theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa, yakakuta mwamba bado una baridi ya kugandisha, yakaganda ukutani. Kwa hiyo barafu ya pango hili huongezeka wakati ambapo nje miti inachipua, na huyeyuka kiangazi kinapokaribia kwisha. Mwanangu mkubwa aliniuliza mara kadhaa tulipokuwa njiani kurudi barafu hiyo hutokeaje masika, na nilifurahi kuwa na jibu la kumpa.

Kuna jambo lingine la ardhi ambalo mgeni hataliona kwa macho, ila ni vema alijue. Chini ya mji wa Decorah kuna shimo lenye upana wa takriban kilomita 5.6 lililochimbwa na kimondo miaka kama milioni 470 iliyopita, likajaa matope ya bahari na kufunikwa kabisa. Ndani ya matope hayo yaliyogeuka mwamba, wataalamu walipata mabaki ya viumbe wa baharini, akiwemo nge wa bahari aliyeweza kufikia urefu wa mita 1.7, ambaye mwaka 2015 alipewa jina la kitaalamu Pentecopterus decorahensis. Ili kuyafikia mabaki hayo walilazimika kuzuia kwa muda maji ya Mto Upper Iowa na kuchimba kitanda chake. Mto huohuo ndio watu wanaoushuka kwa mitumbwi kila kiangazi, wakipita chini ya majabali karibu na Bluffton, na kwa familia yenye watoto wanaojua kuogelea hiyo ni siku njema.

Mjini Decorah kivutio kikuu ni Vesterheim, jumba la makumbusho la Wamarekani wenye asili ya Norway, ambalo chimbuko lake ni mkusanyiko ulioanzishwa mwaka 1877 katika Chuo cha Luther. Linahifadhi zaidi ya vitu 33,000. Naliheshimu kwa sababu halikukusanya vitu vya wakubwa peke yake: kuna vijiko, magurudumu ya kusokotea sufu, bakuli za kunywea pombe ya kienyeji, na masanduku ya safari yaliyopakwa maua ya rangi na kuandikwa jina la mwenyewe na mwaka. Kwa mtu aliyekulia pwani, ambako sanduku la njumu hupita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu na kila mwanafamilia hujua lilikuja na nani, masanduku haya hayahitaji maelezo marefu. Ndani ya jengo kuna pia mashua ya futi 25 ambayo ndugu wawili waliitumia kuvuka Bahari ya Atlantiki mwaka 1933, na nje kuna nyumba za magogo zilizohamishwa kutoka mashambani. Katika mojawapo ya nyumba hizo, ambayo pande zake hazifiki mita tano, familia ya Egge yenye watoto wawili iliwapokea mchungaji Koren na mkewe Elisabeth mwishoni mwa mwaka 1853, wakaishi pamoja majira yale ya baridi huku pazia likiwagawa. Nilisimama mlangoni nikapima kwa macho jinsi vitanda viwili, jiko na meza vilivyoweza kuenea, nikawakumbuka Waswahili wengi ninaowajua ambao miezi yao ya kwanza Marekani waliimaliza sebuleni kwa ndugu.

Wanorwei hao walichapisha gazeti kwa lugha yao, Decorah-Posten, kuanzia mwaka 1874 hadi mwaka 1972. Karibu miaka mia moja ya kuandika na kusoma lugha ya nyumbani katikati ya Iowa ni jambo ambalo jamii yetu hapa ingefaa kulifikiria kwa makini, maana watoto wetu tayari wanatujibu kwa Kiingereza.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa maoni yangu, peke yake panatosha kumfunga mtu safari. Kaskazini mwa mji, kwenye bonde lililojitenga, liko Heritage Farm, shamba la takriban hekta 360 la shirika la Seed Savers Exchange. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1975 na Diane Ott Whealy na Kent Whealy, na mwanzo wake ulikuwa mdogo sana: babu yake Diane, mkulima wa Iowa, alimpa mjukuu mbegu za nyanya ya rangi ya waridi na za ua linalopanda ukutani, zote zilizoletwa na wazazi wake kutoka Bavaria. Wanandoa hao walitambua kwamba babu akifariki bila mtu wa kuzipanda, mbegu zingekufa naye, na kwamba vijijini kote walikuwepo wazee wengine wenye mbegu zao kwenye makopo na bahasha. Wakaanza kuandikiana na watu, kila mmoja akitaja alicho nacho na anachokitafuta. Leo hazina yao ina aina zaidi ya 20,000, na akiba nyingine imepelekwa kwenye ghala la mbegu la Svalbard, kaskazini ya mbali kabisa ya Norway, ili hata shamba likipatwa na maafa mbegu zibaki.

Anayetoka familia ya wakulima ataelewa upesi tofauti inayozungumzwa pale. Mbegu chotara za dukani huzaa vizuri msimu wa kwanza, lakini ukizihifadhi na kuzipanda tena, mazao hutoka mchanganyiko usiotabirika, na hivyo mkulima hulazimika kununua kila mwaka. Mbegu za asili huzaa mfano wake, ilimradi zilindwe zisichanganyike na jirani zake. Kazi ya ulinzi huo ndiyo niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi. Maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hayasumbui sana. Maboga na matango ni shughuli nyingine, kwa kuwa nyuki hubeba chavua kutoka shamba hadi shamba. Hapo aina moja hufunikwa kwenye kizimba cha chandarua, au mtu huyafunga maua jioni kabla hayajafunguka, na asubuhi hulichukua ua dume akalipaka kwenye ua jike kwa mkono, kisha akalifunga tena na kulitia alama. Mahindi ndiyo magumu kuliko yote, maana upepo huipeleka chavua yake mbali. Mjomba wetu wa Bukavu, ambaye amelima maharage maisha yake yote hadi vita vilipomtoa, alikaa kimya akitazama vizimba vile, kisha akasema: «Kumbe hii kazi mama yangu aliifanya, ila hakuna aliyeiita kazi.» Tulipofika dukani alichagua paketi za maharage akizisoma moja moja, maana kwenye paketi huelezwa aina ile ilitoka kwa nani na wapi, na nikiri kwamba alitumia fedha nyingi kuliko mimi.

Kuingia na kutembea shambani hakulipiwi. Kuna bustani za maonyesho karibu na ghala la zamani ambalo ukuta wake hupambwa na lile ua la babu, kuna bustani ya tufaha yenye mamia ya aina ambazo nyingi hazipatikani sokoni, na kuna kundi la ng'ombe weupe wa kale wenye masikio na pua nyeusi. Wakati mzuri ni kuanzia Julai hadi Septemba, kwa kuwa kabla ya hapo bustani bado ni changa, na majira ya baridi mgeni hatakuta mengi.

Upande wa kusini-magharibi wa kaunti kiko kijiji cha Spillville, chenye wakazi wasiofika 400, kilichojengwa kwa sehemu kubwa na wahamiaji Wacheki. Kanisa lao la Mtakatifu Wenceslaus lilianza kujengwa mwaka 1860. Katika kijiji hiki, jengo moja limebeba historia mbili zisizohusiana. Ghorofani ndipo alipopanga mtunzi Antonín Dvořák na familia yake katika kiangazi cha mwaka 1893, alipokuwa mkurugenzi wa chuo cha muziki New York na amechoshwa na jiji. Katibu wake, Josef Kovařík, ndiye aliyemshawishi kuja, kwa kuwa baba yake alikuwa mwalimu hapo. Dvořák alifika tarehe 5 Juni, na kufikia tarehe 23 ya mwezi huohuo alikuwa amekamilisha kwartete yake ya 12, yaani utunzi wa wapigaji wanne wa ala za nyuzi, inayojulikana kama ya Kimarekani. Alikuwa akitembea kando ya Mto Turkey asubuhi na kupiga kinanda kanisani wakati wa misa, na ndege aliyemsumbua kwa mlio wake aliuingiza katika sehemu ya tatu ya utunzi huo. Msikilize kwanza nyumbani kabla ya kwenda; ziara itakuwa na ladha tofauti.

Ghorofa ya chini ni makumbusho ya saa za ndugu Bily, Frank na Joseph, wakulima wawili ambao hawakuoa. Kuanzia mwaka 1913 hadi mwaka 1958, jioni na wakati wa baridi ambapo shamba halina kazi, walichonga masanduku ya saa kwa mbao, baadhi yakiwa marefu kuliko mtu mzima. Mwongozaji huziwasha saa moja baada ya nyingine mbele ya wageni, na hapo ndipo mtu huona maana ya miaka ile: milango midogo hufunguka, mitume kumi na wawili hutoka mmoja mmoja na kuzunguka, muziki hupigwa, milango hufungwa. Kubwa kuliko zote kwa umaarufu ni ile inayoonyesha historia ya walowezi wa Marekani, waliyoimaliza mwaka 1927, na inayosimuliwa kwamba Henry Ford alikuwa tayari kuilipia dola milioni moja. Hawakuiuza, wala hawakuuza nyingine yoyote. Mkusanyiko wote walikiachia kijiji. Niliinama karibu na mlango wa saa mojawapo nikaona kwamba hata upande wa nyuma wa nguzo, ambao mtazamaji wa kawaida haufikii, umechongwa majani yaleyale kwa uangalifu uleule.

Kuhusu huduma, nina mazuri mengi na malalamiko mawili. Watu ni wakarimu, na katika kila jumba nililoingia waongozaji waliwajibu watoto maswali yao kwa uvumilivu. Njia ya Trout Run, inayouzunguka mji wa Decorah kwa takriban kilomita 18, ni laini na salama kwa baiskeli, na inapita kwenye kituo cha kukuzia samaki aina ya trauti ambapo watoto hufurahi kuwalisha. Malalamiko ya kwanza ni malazi: nyumba moja ya wageni tuliyolala iliongeza ada za usafi ambazo hazikutajwa wakati wa kuweka nafasi, kwa hiyo uliza jumla yote kabla ya kulipa. La pili ni usafiri, maana bila gari binafsi huwezi kufika Spillville wala shamba la mbegu, na mabondeni mtandao wa simu hukatika, hivyo pakua ramani mapema. Mwishoni mwa Julai hufanyika Nordic Fest, sikukuu ya Wanorwei yenye ngoma, michoro na mikate myembamba ya viazi iitwayo lefse. Ni ya kupendeza, ila vyumba hujaa muda mrefu kabla, na anayetaka utulivu achague wiki nyingine.

Nimebakiza mahali ambapo wageni wengi huparuka, na kwa maoni yangu wanakosea. Winneshiek lilikuwa jina la kiongozi wa Waho-Chunk, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, na mji wa Decorah unaitwa kwa jina la Waukon Decorah, kiongozi mwingine wa watu hao. Waho-Chunk waliondolewa Wisconsin mwaka 1840 kwa mkataba wa mwaka 1837 ambao wengi wao waliupinga, wakaletwa katika ukanda huu ulioitwa eneo lisilo na upande, katikati ya Wadakota na Wasauk na Wameskwaki. Serikali ikajenga ngome ya Fort Atkinson, wanajeshi wakiwa na kazi ya kuwakinga Waho-Chunk dhidi ya majirani zao, na papo hapo kuwazuia wasirudi makwao wala walowezi wasiingie. Mwaka 1848 wakahamishwa tena, safari hii Minnesota, na mwaka uliofuata ngome ikaachwa. Mwaka huohuo wa 1849 ndipo walowezi wa kwanza wa Decorah walipofika, na Wanorwei wakafuata mara baada yake. Kwa maneno mengine, nyumba za magogo, mbegu za Bavaria na saa za Wacheki zote zilipata mahali pa kutunzwa kwenye ardhi ambayo wenyewe walikuwa wamesombwa juzijuzi tu, na wao hawakupewa nafasi ya kuhifadhi chochote pale. Waho-Chunk wapo hadi leo, Wisconsin na Nebraska, na watoto wangu niliwaeleza hivyo ili wasidhani majina yale ni ya watu waliokwisha.

Kilichosalia cha ngome ni jengo moja la mawe la kambi ya askari, vibanda vya ulinzi na ghala la baruti, juu ya kilima kinachotazama bonde la Mto Turkey. Uwanja ni wazi na wa bure, na mwishoni mwa Septemba huwa na maonyesho ya watu waliovaa na kufanya kazi kama miaka ya 1840. Mimi ningeanzia safari hapo asubuhi, kabla ya jumba lolote la makumbusho, kisha niende Spillville ambako ni karibu, na Decorah niiache ya mwisho.